Mkuu ACHA hiyo --prefix=/usr, utakuja kulia

Mkuu usibonyeze Enter. Umeuliza vitu vitatu, namna ya kukompaili JACK (programu inayopitisha sauti kati ya saundi kadi na programu za kurekodia) mwenyewe kutoka sosi kodi kwenye Ubuntu, saundi kadi gani ya USB uifuate Kariakoo na kama ramu ya GB 4 inatosha, halafu katikati umechomekea eti utaweka --prefix=/usr, yaani JACK yako iende folda ileile Ubuntu inapoweka programu zake, "ili kila kitu kikae sehemu moja". Hapo ndo mwili ulinisisimka, maana na mimi nilisema hivyohivyo.

Nina kistudio changu Mwananyamala. Kwaya inakuja kurekodi Jumamosi, advansi nimeshaila. Ijumaa usiku namwangalia jamaa mmoja wa video za mtandaoni, anajiamini kama konda wa daladala, anasema weka /usr, mafundi wenyewe ndo wanavyofanya. Mafundi wa wapi sijui, ningempata leo angenilipa bando langu. Nikapiga ./waf configure --prefix=/usr, ./waf, sudo ./waf install (waf ndo kifaa cha kuijenga JACK, sudo ni kupiga amri kwa mamlaka ya bosi wa mashine), ikaisha bila kosa hata moja, nikafuta folda ya sosi kodi nipate nafasi kwenye diski, nikalala fofofo.

Asubuhi wanakwaya wamejaa kwenye benchi, Ardour, programu yangu ya kurekodia, inagoma kuunganika na JACK. Kumbe jackd mpya, yaani seva ya JACK, imekalia ile ya Ubuntu pale /usr/bin, ila laibrari mpya, ile Ardour inayoitumia kuongea na seva, imeenda /usr/lib wakati ya Ubuntu inakaa /usr/lib/x86_64-linux-gnu, na hiyo ya zamani ndo inasomwa kwanza. JACK seva na laibrari lazima ziwe toleo moja, zikipishana ni mawifi wawili jiko moja.

Nikarudisha jackd kwa apt, kile kisakinishi cha Ubuntu, mabaki ya /usr/lib yakabaki palepale kwa sababu apt haikuyaweka hivyo haiyajui. Dawa ilikuwa ./waf uninstall ndani ya folda ileile, na folda ndo hiyo nimeshafuta, akili nyingi mimi. Kwa hasira nikaanza kufuta kwa mkono, sudo rm libj*, kwenye mafolda yote mawili, nyota ikabeba na libjpeg na libjson-glib, laibrari za programu nyingine, humohumo, nikawasha upya mashine deskitopu haifunguki. Advansi nikarudisha, Ubuntu nikaivuta upya kwa bando la simu. Mwenyekiti wa kwaya akaniambia watatuombea, mimi na laptopu.

Sasa sikia, weka --prefix=$HOME/jack halafu ./waf install BILA sudo. Sudo ni ya apt tu, ya kuvuta libasound2-dev na wenzake. Ukitaka kuitumia, tanguliza $HOME/jack/bin kwenye PATH na $HOME/jack/lib kwenye LD_LIBRARY_PATH (hizo ni orodha za folda ambako mashine inatafuta programu na laibrari), washa jackd na Ardour kutoka terminali hiyohiyo, seva na laibrari zinatoka nyumba moja. Ikizingua unafuta folda moja, Ubuntu yako haijui hata kama kulikuwa na mgeni.

Saundi kadi watakujibu wengine, mimi bado nina hasira. Na kama ulishapiga install ya /usr kabla hujasoma hapa, hiyo folda ya sosi kodi USIIFUTE, ingia humo sasa hivi upige sudo ./waf uninstall, kisha sudo apt install --reinstall jackd2 libjack-jackd2-0, ulete majibu.