Shangazi, mume wangu anakionea wivu kikundi changu

*Shangazi mpendwa,*

*Nina umri wa miaka 34, nimeolewa kwa miaka saba na nina mtoto mmoja. Mwezi wa Machi mwaka jana nilijiunga na kikundi cha kusaidiana cha watu sita, wanawake kwa wanaume. Hukutana kila Jumatano jioni, ambapo kila mmoja hueleza malengo yake ya maisha na ya kazi na kutiwa moyo na wenzake. Lengo langu ni kufanya mtihani wa mwisho wa uhasibu. Kikundi kimenijenga sana, lakini mume wangu hakitaki. Kila nikirudi huniuliza, "Haya, umefika wapi?" na juzi alilala sebuleni kwa hasira, eti kwa sababu mwenzangu mmoja walipokutana alimpa pole kwa kupunguzwa kazini. Hata kitabu cha mitihani iliyopita alichoninunulia, ambacho bado kimo ndani ya nailoni yake, siku hizi anakitaja kama deni. Nifanye nini na mwanamume anayeonea wivu maendeleo ya mkewe?*

*Mwenye Ndoto*

Mwanangu Mwenye Ndoto,

Pole kwa usiku ule wa kulala peke yako. Baada ya pole hiyo, niruhusu nikwambie kwamba barua yako, ambayo nimelazimika kuifupisha, ilikuwa na kurasa nne, na katika hizo tatu na nusu zinawasifu wanakikundi, jinsi wanavyokusikiliza, jinsi wanavyokupigia makofi, jinsi mmoja wao alivyolia uliposimulia utoto wako. Mtihani wa uhasibu umetajwa mara mbili tu, na mara zote mbili kwa maneno ya wakati ujao. Hukuniambia kama umejiandikisha, wala umefikia sura ya ngapi, wala unasoma saa ngapi. Umekaa na watu hawa zaidi ya mwaka mzima, na kitabu bado kimo ndani ya nailoni.

Swali la mumeo unaliita wivu. Mimi nimelisoma mara kadhaa, na kila mara naona ni lile lile ambalo kikundi chenu kiliundwa ili kikuulize. Mtu anayeuliza umefika wapi anaamini kwamba ulianza safari. Kama sauti yake siku hizi ina kejeli, huenda mwanzoni haikuwa nayo, maana mwanamume aliyetoa fedha yake kununua kitabu cha mitihani hakukinunua ili akukejeli. Kejeli imeingia baadaye, Jumatano baada ya Jumatano.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo umelipitisha haraka kwa neno "eti". Hebu mtazame mumeo siku ile. Amesimama, mtu asiyemfahamu vizuri amemshika mkono kwa mikono miwili, anamtazama kwa huruma na kumpa pole kwa kupunguzwa kazini, jambo ambalo pengine bado hajapata ujasiri wa kumweleza hata mama yake. Habari hiyo ilitoka kinywani mwako, mwanangu, kwa kuwa haikuwa na njia nyingine. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ikianza kwenda kwa majirani kueleza kilichomo mtungini, mtungi una haki ya kulala sebuleni.

Hapa ndipo ndoa nyingi za siku hizi zinapoteleza. Mke ana watu wake wa kumsikiliza, mume ana wake, na wote wawili wakirudi nyumbani wamekwisha kusema kila kitu, hivyo wanakula kimya kimya kama wasafiri waliokutana kituoni. Siwakatazi watu kuwa na wenzao wa kuzungumza nao, kwa sababu mwenza mmoja hawezi kubeba kila mzigo, lakini aibu ya mume si lengo lako la maisha wala la kazi, na hukuwa na ruhusa ya kuipeleka kikaoni. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianzishwa Marekani mwaka 1935 na wanaume wawili waliokuwa wakipambana na ulevi, na katika mikutano yake watu huzungumzia ulevi wao wenyewe, huku majina na yaliyosemwa yakitakiwa kubaki pale pale. Wenzako wameshindwa masharti yote mawili, nawe ndiwe uliyewafungulia mlango.

Usinielewe vibaya, vikundi vya namna hii vina faida kubwa vikiendeshwa inavyotakiwa. Benjamin Franklin, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani, alipokuwa mchapaji kijana wa miaka 21 mjini Philadelphia, mwaka 1727, alikusanya wenzake katika kikundi walichokiita Junto, ambacho baadaye kiliwekewa mpaka wa watu 12. Walikutana Ijumaa jioni, kila mmoja kwa zamu yake alileta swali la kujadiliwa, na mara moja kila miezi mitatu kila mwanachama alitakiwa kusoma mbele ya wenzake insha aliyoiandika mwenyewe. Zingatia hilo la insha. Hakuruhusiwa kuwaeleza jinsi anavyotamani kuandika. Alikuja na karatasi mkononi. Kutokana na mazungumzo ya watu wale ilizaliwa maktaba ya kuazimana vitabu mwaka 1731.

Wewe kila Jumatano unaleta nini mkononi? Wanasaikolojia walichapisha mwaka 2009 utafiti ulioonyesha kwamba mtu ambaye nia yake imetambuliwa na wengine anaweza kuitendea kazi kwa bidii ndogo zaidi, kwa kuwa kule kutambuliwa tu kunamfanya ajihisi amekwisha kufika. Nadhani ndilo lililokupata. Wenzako wanakuita mhasibu, unarudi nyumbani ukiwa umeshiba sifa, kisha anatokea mume mmoja asiyepiga makofi, nawe unamwona mchawi.

Sikwambii ujitoe. Jumatano ijayo nenda, na zamu yako ikifika waambie mambo mawili. La kwanza, kwamba ulikosea kusimulia habari za kazi ya mumeo, na kwamba unawaomba wasizitaje tena, iwe mbele yake au mbele ya mtu yeyote. Yule aliyempa pole zungumza naye kando, kwa upole, kwa sababu alitenda kwa nia njema. La pili, kwamba kuanzia sasa hutaki kuulizwa unajisikiaje kuhusu mtihani, bali unataka kuulizwa umejibu maswali mangapi tangu mlipoachana, na utakuja na majibu hayo yameandikwa ili wayaone. Jipeni miezi mitatu kwa utaratibu huo. Wakikataa, au wakisema unawaondolea furaha ya kikao, utakuwa umejua kwamba ulikuwa katika kikundi cha mazungumzo, na mazungumzo mema unaweza kuyapata bila kujifunga kila wiki.

Lakini kabla ya Jumatano kuna mtu wa kuombwa radhi. Usimwandikie ujumbe wa simu, wala usianze na "lakini nawe". Mwambie kwamba ulitoa siri yake na kwamba hutarudia, kisha nyamaza umwache aseme, hata kama atachukua muda mrefu kuanza. Mtu aliyepunguzwa kazini ana mengi ya kusema, nami katika kurasa zako nne sikuona mahali ulipomuuliza yeye anaendeleaje.

Akimaliza, lete kile kitabu, ukitoe kwenye nailoni mbele yake, umwombe akuchagulie swali la kwanza.

Shangazi