Kuvalisha bodi ya Landrova 109 kwenye chesisi ya 110: kadi kwanza, spana baadaye

Baba aliinunua Landrova yake, Series III ya 109, kutoka kwa mtu wa Tanga, na miaka yote aliyobebea zabibu za Hombolo tuliisifia kwamba haishiki kutu. Kumbe tulikuwa tunasifia bodi. Bodi ya Landrova kwa sehemu kubwa ni aluminiamu. Chesisi, yaani fremu iliyo chini yake, ni chuma, na chumvi ya pwani ilishaila kwa ndani kabla gari halijapanda huku kwetu Dodoma. Siku fundi alipogonga mhimili wa nyuma, nyundo ilizama. Akanipa ile nyundo nijaribu mwenyewe.

Tukaamua kuchinja gari jingine: 110 ya miaka ya tisini iliyopinduka, yenye injini ya dizeli ya 300Tdi. Bodi yake itupwe, chesisi ivalishwe bodi ya mzee. Niliambiwa kazi ya miezi mitatu. Ilichukua kumi na minne, na sehemu kubwa ya iliyozidi ni makosa yangu, si ya fundi.

La kwanza ni kadi. Kadi ya usajili inabeba namba ya chesisi na ya injini. Bodi haina namba ya kukutetea. Ukishahamisha, gari lililobaki barabarani ni lile ulilolichinja, hata kama mtaa mzima unaona Landrova ya baba yako. Mimi nilimlipa dalali nusu ya pesa kabla sijaiona kadi. Nilipoiona, mwenye jina alishauza zamani, aliyenunua naye kauza, na hakuna aliyejisumbua kubadilisha umiliki. Miezi miwili nikawa kiguu na njia kwenda Manyoni kumtafuta mzee wa watu aje asaini. Nilipompata alinikaribisha vizuri tu kwa Kigogo, "Mbukwa", akanipa kigoda, akasema lile gari alishasahau kama liliwahi kuwa lake.

Kwa hiyo kabla hujalegeza nati hata moja, nenda TRA, nenda na kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani, ueleze unachotaka kufanya. Uliza mabadiliko ya bodi na rangi yataandikwaje, na ukaguzi utafanyika lini. Atokee mtu wa kukushauri ukate kile kipande chenye namba ya zamani ukichomelee kwenye chesisi mpya ili ubaki na namba ya mzee, mkimbie. Huko ni kughushi. Nami nilishauriwa hivyo, tena na mtu mwenye gereji yake.

Gari lililopinduka huenda limepinda, na kwa macho huwezi kujua. Lipaki kwenye sakafu ya saruji, ning'iniza timazi kwenye sehemu zinazofanana kulia na kushoto mwa chesisi, mbele na nyuma, weka alama za chaki pale ncha inapogusa, kisha sogeza gari. Pima msalaba: mbele kushoto hadi nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vinatakiwa vilingane. Vyetu vilipishana milimita 4, fundi akasema inavumilika. Vikipishana kama upana wa kidole, acha hiyo chesisi hata kama bei ni ya bure.

Sasa kosa lililoniuma kuliko yote. Wiki ileile tuliyoishusha bodi iliyopondeka, alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mimi nikamuuzia, uwanja upate nafasi. Ile bodi mbovu ndiyo iliyokuwa kipimo changu! Kila kishikio, kila tundu la bolti, urefu wa kila kitu kutoka kwenye chesisi, vyote viliondoka kwenye mkokoteni mbele ya macho yangu huku nahesabu noti. Iache bodi ya gari ulilochinja hadi siku gari lako jipya litakapotembea.

Maana 109 na 110 ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Tofauti ni inchi moja, na kijiweni kila mtu aliniambia inchi moja si kitu. Hiyo inchi usipoipangia pa kukaa itajitafutia yenyewe. Ukuta unaotenganisha injini na abiria ndio unaobeba milango, na sisi tulitoboa na kuufunga kwa haraka, tukijua mengine yatafuata. Tulipovika mlango wa kushoto, uwazi wa juu ulipitisha kiberiti kizima kikiwa kimelala; wa chini haukupitisha hata msumeno wa chuma. Mlango ukagoma kushika kitasa. Tukausukuma kwa goti, tukaunyanyua kwa jeki, wapi. Fundi wa bodi, mtu mzima aliyekuwa amekaa tu pembeni anakunywa chai, akasema, "Mwanangu, mlango ufungwe kwanza, ndiyo utoboe." Tukaziba matundu, tukapanga bodi nzima kwa vibanio na vipande vya mbao, milango yote miwili ikafunga kwa kidole, ndipo tukashika drili.

Kitu kingine ni upana. Ekseli za 110 ni pana, magurudumu yanatokeza takriban inchi 3 kila upande nje ya madigadi ya Series. Ndiyo maana 110 zenyewe zina zile nyusi za plastiki juu ya tairi. Ama uweke nyusi, ama ukubali matope hadi kwenye vioo. Mzee alizikataa kabisa, akasema gari lake halijawahi kupaka wanja. Ziliwekwa alipokuwa safarini.

Gia zinakaa pengine kabisa, kwa hiyo chukua kifuniko cha gia na sanduku la chini ya viti kutoka gari la kuchinja, usihangaike kukata vya zamani. Pedali, silinda kuu ya breki na usukani navyo vije na chesisi yake. Breki za diski za mbele ni nusu ya sababu ya kufanya kazi yote hii. Nyaya mtafute fundi umeme, mlipe, nenda nyumbani.

Ila usisahau tyubu. Aluminiamu ikikalia chuma na maji yakapita katikati, aluminiamu inaoza inakuwa unga mweupe. Tulikata tyubu kuukuu ya lori vipande vipande, kila bodi inapokalia chesisi kuna mpira.

Mkaguzi alipokuja alipiga magoti, akafuta vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe, akasoma namba mara mbili. Baba naye siku ya kwanza alikaa kwenye usukani, mkono ukaenda kutafuta gia palepale pa zamani, ukakuta hewa. Mlango wa kushoto bado unapitisha vumbi; mkifika Hombolo, abiria wa upande huo anashuka mwekundu. Nimeshaagiza mpira mpya.