Funga madirisha kwanza, habari za pampu baadaye

Yakhe, funga hayo madirisha. Umeandika wataka kusokota nyuzi za nano kwa umeme, jelatini na PVA (plastiki inayoyeyuka majini) zilizoyeyushwa kwa maji na asidi, utengeneze kiunzi cha kuoteshea ngozi ya majeraha ya moto. Chumba kiko Nyali, hapa Mombasa, upepo wa bahari unaingia, na madirisha utayaacha wazi "mvuke wa asidi utoke". Halafu unauliza pampu gani ya sirinji, kilovolti ngapi, na seli zipandwe vipi. Nimesoma nikashika kichwa. Mimi nilifanya hivyo hivyo, tena masika, na pesa zilizokwenda sizitaji kwa sababu mke wangu naye yumo humu jukwaani.

Sikiza. Umeme unavuta tone kwenye ncha ya sindano, tone linachongoka, linatoa uzi unaoruka ukijipindapinda hadi kwenye foili. Umbali wenyewe ni sentimita 10 hadi 20, safari ni chini ya kufumba na kufumbua. Ndani ya muda huo maji na asidi viwe vimeshapotelea hewani. Sasa hewa yetu hii, ambayo asubuhi unyevu wake wafika asilimia 80 bila taabu, itayapokea wapi maji yako? Imeshiba. Uzi unatua mbichi, unagandana na mwenzake, na badala ya kiunzi chenye matundu unapata utando.

Na balaa ni kwamba machoni waonekana mzuri. Wangu ulikuwa mweupe pembeni, lakini katikati wang'aa, foili yaonekana chini yake. Nikajisifu: tazama ulaini huo! Kumbe weupe ndio dalili ya nyuzi, maana nyuzi nyembamba zinatawanya mwanga. Pakianza kuwa angavu, ujue nyuzi zimeshayeyukiana. Nikasokota hivyo msimu mzima, nikimaliza jelatini ya bei mbaya, na sampuli nikaziacha juu ya meza usiku kucha zinywe unyevu uliobaki.

Nilipoanza kuona vishanga kwenye hadubini ya kawaida nikampigia simu aliyeniuzia mtambo. "Ongeza kilovolti." Nikapandisha kutoka 15 hadi mwisho wa kitasa. Cheche! Nywele za mkono zilisimama zote, na mimi nina nywele chache za kuchezea. Akasema basi chanzo changu cha umeme ni dhaifu, nahitaji kikubwa zaidi, na kwa bahati yeye anacho. Nikanunua. Mtu amekaa ofisini na kiyoyozi, hajawahi kusokota hata uzi wa kushonea kifungo, ananiuzia volti kutibu ugonjwa wa unyevu! Hakuniuliza hata mara moja niko mji gani. Na ule unyevu ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe, kwa hiyo kila alichoniongezea kiliishia kwenye cheche.

Mwisho nikatia sampuli kwenye bahasha, nikapanda treni ya SGR hadi Nairobi kwenye hadubini ya elektroni, ambayo walipia kwa saa. Picha ikafunguka: uwanja mtupu, vifundo viwili vitatu, basi. Fundi akaniuliza kwa adabu, "Hii ni sampuli au ni gundi?" Na PVA hutengenezewa gundi kweli, kwa hiyo hata kukasirika sikuweza.

Kwa hiyo haigromita kwanza, yaani kipima unyevu wa hewa. Ikivuka asilimia 50, mtambo hauwashwi, hata profesa awe amesimama mlangoni. Tengeneza sanduku la akriliki, mvuke wa asidi uutoe kwa bomba na feni ndogo hadi nje, na hewa inayoingia ipitie kwenye silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu. Ununue kilo kadhaa, si vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu. Ile ya bluu ikigeuka waridi imejaa maji, irudishe ovenini. Usikaushe kupita kiasi pia, tone litaganda kwenye ncha ya sindano na kuziba.

Ukimaliza kusokota, foili iingie kwenye mkebe usiopitisha hewa, na silika humo humo, saa hiyo hiyo. Glutaraldehidi unayotaka kufungia jelatini isiyeyuke mwilini kwa kawaida huuzwa ikiwa asilimia 25 tu, iliyobaki ni maji, kwa hiyo mvuke wake nao unalowesha. Vile vipande vyangu vichache vilivyonusurika vilifia hapo.

Pampu: yoyote inayoweza kwenda chini ya mililita 1 kwa saa bila kurukaruka. Jelatini soma lebo, aina A mara nyingi ni ya ngozi ya nguruwe, aina B ya ng'ombe. Usije ukaulizwa na shemeji zako ukakosa jibu.

Kesho weka haigromita chumbani humo, madirisha yakiwa yamefungwa, usome alfajiri na saa nane mchana. Niandikie hizo namba hapa kabla hujalipa mtu yeyote, hasa akikwambia anacho kikubwa zaidi.