Wasomaji Wanauliza: Mpira wa Mgomba na Safari ya Dukani

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9. Kila Desemba tunapanda Kibosho kwa babu na bibi yake. Nikimsimulia michezo yetu ya utotoni, kombolela, rede, mpira wa matambara, ananisikiliza dakika mbili kisha anarudi kwenye simu. Natamani apate japo kidogo ya yale yaliyonilea. Nianzie wapi?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Mama wa Majengo, acha kwanza kusimulia. Mtoto akisikia "enzi zetu" anajua anasemwa. Mpe kazi ya mikono mkiwa huko huko kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Tunapendekeza mpira, kwa sababu vifaa viko chini ya migomba, na kwa sababu mpira uliokosewa haufichiki: unafumuka mbele ya wenzake.

Usihangaike kutafuta rambo; mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Tafuta soksi moja iliyochakaa, matambara machache, fulana moja kuukuu na magamba makavu ya mgomba 6 hadi 8. Magamba yabanduliwe asubuhi umande haujakauka. Yakikauka kabisa hukatika mkononi. Yakilowa chepechepe ni mabaya zaidi, maana husinyaa yakikauka na kamba yote inalegea. Unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa unatosha.

Kunja matambara yafikie ukubwa wa ngumi ya mtoto, yatie ndani ya soksi, sokota mdomo wake, igeuze irudi juu ya donge, sokota tena hadi soksi iishe. Chana fulana vipande vya upana wa vidole vitatu, uvizungushe kwa kuvuta. Hapa ndipo watoto wengi hukosea: wanazungusha upande mmoja tu, na mpira unakuwa yai. Kila mzunguko mmoja, donge ligeuzwe kidogo. Likifika ukubwa wa chungwa kubwa, chaneni magamba kwa upana wa vidole viwili, msokote kamba. Mzunguko wa kwanza upite katikati, wa pili uukate msalaba, kisha mjaze nafasi zilizobaki mkipitisha kamba juu ya moja, chini ya nyingine, mpaka upatikane wavu. Fundo la mwisho lisukumwe ndani kwa kijiti, lisikwaruze miguu. Wakitaka kuweka jiwe katikati ili mpira uwe mzito, wakatazeni. Litavunja kidole cha mtu. Mpira ukinyeshewa unakuwa mzito mno, basi uanikwe kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni.

Usimfungie wewe. Mpira wa kwanza utafumuka kabla ya nusu saa, na hapo atakuangalia usoni. Mwambie tu, "Leta, tuone kamba ililegea wapi." Kulijua kosa liko wapi, na kulirudia bila kutukanwa, ndicho kitu kikubwa ambacho michezo ile iliwapa watoto, na hakifundishiki kwa maneno.

Tena asiutengeneze peke yake. Waite binamu zake, mmoja alete soksi, mwingine magamba. Kila aliyecheza mtaani anamkumbuka mwenye mpira: akifungwa anaubeba kwenda kwao, na mchezo umekwisha. Mpira uliosukwa na wanne hauna wa kuubeba. Watagombana, ndiyo. Waacheni wamalize wenyewe, msipoona mawe wala fimbo mikononi.

SWALI: Zamani tulitumwa dukani tukiwa wadogo, tukirudia njia nzima "sukari robo, chumvi, kiberiti" tusisahau. Binti yangu ana miaka 8 na hajawahi kwenda. Naogopa bodaboda. Je, nimechelewa?
Baba wa Ngarenaro, Arusha

JIBU: Hujachelewa, na hofu yako ni ya haki, barabara zimebadilika. Chagua duka asilolazimika kuvuka barabara kubwa kulifikia. Mara mbili za kwanza nenda naye, lakini yeye aongee na muuzaji, wewe nyamaza. Mara ya tatu simama getini unapomwona. Mtume kitu kimoja kwa hela kamili. Akizoea, viwe viwili, kisha vitatu, na hapo ndipo mpe noti ya kurudishiwa chenji.

Usimwandikie kikaratasi. Atakachofanya ni kumkabidhi muuzaji, na kumbukumbu yake haitafanya kazi yoyote. Ataje vitu mbele yako kabla ya kutoka, mara moja.

Kuhusu chenji, mfundishe kuihesabu akiwa bado mbele ya muuzaji, kabla ya kuondoka. Ikipungua 200, muulize kwa utulivu alisimama wapi na alipewa nini, kisha rudini pamoja dukani. Ukimfokea siku hiyo, atakayerudi kesho ni mtoto aliyejiandalia uongo njiani, na huo utahangaika nao muda mrefu kuliko hiyo 200. Naye akisahau chumvi, msiende kuinunua badala yake. Mboga iliwe bila chumvi jioni hiyo, na kesho atumwe tena, chumvi ikitajwa ya kwanza.