Nyumba ya mawe Lamu: anza na ncha za boriti

Assalaam alaikum ndugu. Umeuliza kama nyumba uliyonunua Mkomani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, itahimili tetemeko, maana ina ufa wima kwenye kona na fundi anataka kumwaga zege juu.

Kabla ya ufa, tazama ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Zichome kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, zimeoza, na dari haishiki tena ukuta. Kuta zetu ni nene na nzito, lakini chokaa haivumilii kuvutwa. Ardhi ikitikisika, ukuta usioshikwa na dari huangukia nje. Nyumba moja niliyokarabati ilikuwa imepakwa saruji juu ya chokaa, unyevu ukafungiwa ndani. Boriti saba tulizitoa zikiwa unga, na kwa nje ukuta uling'aa!

Kisha teremsha timazi, uzi wenye uzito, kutoka juu uone kama ukuta umeinama. Ufa mpana juu kuliko chini maana yake kuta zinaachana. Paka kiraka chembamba cha plasta juu ya ufa, andika tarehe. Kikipasuka, bado zinasogea.

Zege lisimamishe, tafadhali. Uzito wa juu huzidisha msukumo. Bonde la Ufa liko mbali nasi, lakini tetemeko la Agosti 2020, baharini upande wa Dar es Salaam, lilisikika hadi Mombasa.

Mimi ni mwashi tu: nanga za chuma za kufunga dari na ukuta apime mhandisi. Nitumie picha ya hiyo kona, sehemu ya juu.