SD40-2 yako isionekane ka toy

Mkuu umeuliza uanzie wapi ili hiyo modeli yako ya SD40-2 (kichwa cha treni cha dizeli cha Marekani) ya 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko chenyewe, iache kufanana na toy ya mtoto, mi ningeanza na vishikio. Vile vya plastiki vilivyoumbwa pamoja na bodi vikwangue taratibu na kisu, toboa na drili ya mkono ya 0.35 mm halafu uweke waya wa 0.3, maana chuma cha inchi moja ukikipunguza mara 87 ndo unapata hapo hapo. Supagluu tia kwa ncha ya sindano na kwa ndani ya bodi, ikitapakaa nje umeumia.

Baadae weka mipira (hozi) ya breki ya upepo mbele na nyuma, na waipa za kioo. Rangi sasa, hapa wengi wanaharibu, wanapaka kutu kila mahali kama meli iliyozama lol. Tafuta picha ya injini yenyewe, namba ile ile, utaona moshi mweusi uko juu karibu na bomba la ekzosti na vumbi la kahawia liko chini kwenye bogi (fremu zinazoshika magurudumu). Saga chaki, paka kwa brashi laini, kisha vanishi isiyong'aa ila pulizia kidogo sana, ikizidi chaki yote inapotea.