Taa za joto na vizimba katika duka la wanyama

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: duka lako la ndege, sungura na vifaranga pale Majengo, Dodoma, lina mlango mmoja, taa za joto huwaka usiku kucha, nawe unasubiri ukaguzi wa zimamoto na unauliza jinsi ya kuwakinga wanyama na moto.

Anza na taa. Baridi ya Dodoma mwezi Juni na Julai hairuhusu kuzizima, hivyo zifunge kwa mnyororo imara, wala si kwa waya wake wa umeme, ziwe mbali na maranda, na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) akague nyaya zote. Moshi huwadhuru ndege upesi sana. Waweke karibu na mlango, katika vizimba vyepesi vinavyobebeka, visivyo na kufuli. Kwangu mimi, kuwaacha viumbe usiku bila mlinzi mwenye funguo za duka ni jambo lisilokubalika, hasa kwa kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayewatunza awakinge na mateso.

Moto ukizuka, kata umeme, usimwage maji kwenye nyaya, piga 114, namba ya zimamoto, na usirudi ndani ya moshi. Mnyama aliyevuta moshi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata akionekana mzima.